Kuchuma kwa Namba ya Ketty

Mji wa Kale, Mombasa
24 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Ketty,

Bwana asifiwe. U hali gani huko juu kwenye baridi? Ashley naye hajambo? Kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekuachia? Mimi huku ni mzima, nalalamika joto na magoti tu, na hayo si ya kumchosha Mungu. Bi Afaf, mwenye nyumba wangu, anakusalimu sana. Kila nikikutaja husema, "Mwambie huyo nduguyo wa chai atuletee majani ya kweli, haya ya dukani ni vumbi la barabara."

Ketty, nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Juzi nilipokupigia ulisema "tuko salama, dada, tuko salama" kabla sijauliza lolote, kisha ukakata. Nazijua hizo nyumba za laini, za wafanyakazi wa shamba. Ukuta ni mbao, jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwambia pole. Basi niandikie. Mutunga, dereva wa lori linaloleta chai ya shamba lenu hapa Shimanzi, amekubali kutubebea bahasha zetu chini ya kiti chake, na si mtu wa kufungua vya wenyewe.

Yeye ndiye aliyeniamsha. Jumatano nilikuwa ghalani nashona magunia yaliyopasuka njiani, akaja kusimama karibu nami na chupa yake ya maji. Akasema, "Dada Nekesa, yule binti wa nduguyo amekuwa mtu mzima! Nilimwona kwenye chai, kikapu mgongoni."

Nikamwambia, "Umemfananisha."

"Nimfananishe vipi na aliniamkia kwa jina langu?"

"Na mama yake alikuwa wapi?"

"Mama yake sikumwona. Si kwenye mistari, si kwenye mizani."

Nikajidunga sindano ya gunia mpaka kwenye mfupa.

Ketty, Ashley yuko kidato cha nne. Najua shule zimefungwa, lakini likizo ya mtoto wa mtihani ni ya vitabu. Mimi na wewe tulichuma kwa namba ya kazi ya mama kabla hatujafika urefu wa kichaka cha chai, na siku zile hakuna aliyeuliza. Mimi nikaishia darasa la sita, wewe la saba. Tulisema kwa Ashley yataishia hapo. Mimi sikujaliwa mtoto, unajua huyo ni wako na wangu.

Niambie ukweli. Usinifiche mimi.

Ni mimi dada yako,
Nekesa


Laini ya Chini, Nandi
2 Septemba 2025

Dada yangu Nekesa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Barua yako niliipokea pale mizani, nikaificha kifuani kama msichana aliyeandikiwa na mvulana. Habari za Mombasa? Magoti yako uyachue na mafuta ya moto. Mimi afya yangu ndiyo nataka kukueleza.

Ni bega la kulia, dada. Lilianza mwezi wa sita kama ganzi, nikadhani nimelilalia. Sasa mkono haupandi. Siwezi kuchana nywele zangu, Ashley ndiye ananichana. Na chai huwezi kuichuma kwa mkono mmoja, unajua mwenyewe, lazima mikono yote miwili icheze na kurusha nyuma kwenye kikapu.

Utauliza mbona sikwenda zahanati ya shamba. Ningekwenda wangeniandika kazi nyepesi. Mwaka jana mashine za kuchuma zilipoletwa, walioitwa ofisini kwanza ni wale wa kazi nyepesi. Wanaume wawili wanaishika mashine huku na huku, wanamaliza mstari mzima mimi bado natafuta pa kuanzia. Sisi wa mikono tumebaki wachache, kwa ile miteremko ambayo mashine haipandi. Na hapa kazi ikiisha, ufunguo wa nyumba unarudishwa. Kwenda wapi? Mume wangu Nicodemus alipofariki, ndugu zake walimaliza kugawana shamba kabla matanga hayajaisha. Ashley amesajiliwa kufanya mtihani kwenye hii shule ya jirani, na haihamishiki sasa. Nikitolewa nyumbani kabla ya mtihani, mtoto atalala wapi?

Basi ndiyo hivyo. Ashley anachukua kikapu na kadi yangu. Mizani inasoma kadi, haisomi uso. Karani wa mizani anajua, ananyamaza. Asiyejua ni Seth, nyapara wetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa na mtu wa kufuata sheria kama saa ya ukutani. Wanaonunua chai hii ng'ambo hawataki kusikia mtoto amechuma. Seth akijua, natoka siku hiyohiyo.

Nilidhani bega litapona kabla ya shule kufunguliwa. Zimefunguliwa, halijapona. Ashley anachuma asubuhi, anaingia darasani mchana. Mwalimu wake wa Kemia ameshamtuma msichana kuuliza kama ni mgonjwa. Anajiandikia mambo ya Kemia mkononi kwa kalamu asome akiwa kwenye mistari, na jasho linayafuta. Jana kaniambia, "Mama, usijali, yakifutika ndiyo yameingia ndani." Nikacheka, halafu nikaenda bombani kulia.

Tafadhali dada, haya ni yangu na yako na Mungu.

Mdogo wako,
Ketty


Mji wa Kale, Mombasa
10 Septemba 2025

Mpendwa Ketty,

Bwana asifiwe tena na tena. Bega linasemaje leo? Ashley anasemaje? Mimi ni mzima, ila tangu barua yako chakula kinanipita kama mchanga.

Nimekutumia kifurushi kwa Mutunga. Mna mafuta ya kuchua ambayo Bi Afaf mwenyewe ameyapika, kayatia karafuu na mambo yake mengine asiyotaka niyajue. Mna leso pia, zile kanga za jozi. Nimezinunua mtaa wa Biashara, nikamwambia muuzaji asinisomee maneno, mimi nataka kitambaa kizito cha kufungia bega. Akanitazama kama nimemtukana mamake. Kipande kimoja kitie shingoni uning'inize mkono unapolala, kingine kaa nacho tu, ujue nakushika.

Kisha kuna hili, na nadhani utafurahi. Nisingeweza kubeba mzigo huu peke yangu, nimeupeleka mbele za Bwana. Sisi wanawake wa ghalani tuna maombi yetu wakati wa chakula cha mchana, pale nyuma ya ghala, kati ya makontena. Anayetuongoza ni Mama Tony, mwenye sauti ya kunyamazisha lori. Nikasema nina ombi la ndugu yangu. Akasema, "Dada, ombi lisilo na jina ni kama kifurushi kisicho na anwani. Litaje." Nikalitaja. Nikasema jina lako, bega, mtoto kwenye chai, nyumba, mtihani, yote, maana nilikuwa nalia na nikianza siwezi kuacha. Wenzangu wakalia nami. Mama Tony akaliandika kwenye simu yake, akalipeleka kwenye kundi la maombi la akina mama wa kanisa letu. Kundi hilo linakwenda tawi hadi tawi, Ketty, mpaka bara. Mpaka huko kwenu! Fikiria, watu usiowajua wanapiga magoti kwa ajili ya bega lako.

Usikate tamaa. Kazana na mafuta. Ashley mwambie mama yake mkubwa anasema alale mapema.

Dada yako akupendaye,
Nekesa


Laini ya Chini
19 Septemba 2025

Dada,

Sikuulizi hali yako, samahani. Leo nimeshindwa.

Jumapili baada ya ibada mke wa Seth alinishika mkono, huohuo mgonjwa, akaubonyeza. Akasema, "Dada Ketty, tunalibeba bega lako katika maombi. Na mtoto pia. Bwana ataifungua njia." Nikamwuliza nani amemwambia. Akatoa simu akanionyesha. Jina langu, dada. Jina la shamba. "Mtoto wa shule anamchumia chai ili wasitolewe kwenye nyumba." Na chini yake watu wameandika amina, amina, amina. Amina mpaka za Malaba.

Na mumewe alikuwa amesimama nyuma yake na Biblia kwapani.

Nilikwambia ni yangu na yako na Mungu. Ulisoma nini?

Jumatatu alfajiri kwenye kuitwa majina, Seth hakunifukuza. Heri angenifukuza, ningejua moja. Alisema mbele ya watu, "Ketty Nafula, kuanzia leo nataka kukuona wewe mwenyewe kwenye mistari, na wewe mwenyewe kwenye mizani." Basi. Akaita jina la mwingine.

Ashley yuko shuleni sasa, kutwa nzima. Hilo umelipata. Mimi niko kwenye chai. Jioni nikifika mizani wenzangu wananitilia majani yao kikapuni nisiwe chini ya kiwango, na wao wenyewe wana watoto. Wataweza hivyo mpaka lini?

Usinitumie kitu. Usiniombee mbele ya watu.

Ketty


Mji wa Kale, Mombasa
24 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako ngazini, sikuweza kufika chumbani.

Sina la kujitetea. Ulisema na Mungu, nami nikadhani nikiwa katikati ya watu wa Mungu bado niko na Mungu tu. Nilimwendea Mama Tony nikamwambia afute. Akasema lake amelifuta, lakini lililokwisha pelekwa halirudi. Akalia yeye kuliko mimi. Sikumgombeza, mdomo uliosema ni wangu.

Bi Afaf alinikuta jikoni nimeacha sufuria. "Mbona walia na wali waungua?" Nikamweleza yote. Akaketi kitako pale chini kwenye mkeka, akafikiri, akasema, "Wewe mwanamke, uliomba dua ama ulipiga mbiu?" Nikaitoa sufuria motoni. Akasema, "Haya. Mbiu imeshapigwa. Sasa fanya kazi."

Sijajua kazi gani. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hata neno moja nijue mkono bado unashika kalamu.

Dada yako,
Nekesa


Mji wa Kale, Mombasa
11 Oktoba 2025

Ketty wangu,

Bwana akulinde. U hali gani? Nauliza nikijua hujibu.

Mutunga amekuja mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema, "Hakuniona." Mara ya pili nilimshika shati, nikamwambia haondoki Shimanzi bila kuniambia. Akaniambia. Kwamba ulianguka kwenye mteremko kikapu kikiwa mgongoni, kwamba wenzako walikuinua na ukakataa kupelekwa zahanati, kwamba siku ya pili ulikuwa kwenye mistari umeufunga mkono wa kulia kwa ile leso, na ncha yake umeishika kwa meno.

Simu yako anapokea Ashley, ananiambia, "Mama amelala." Sauti yake ni ya mtu aliyesimamiwa.

Sikiliza. Nimeamua, na usibishane nami maana barua haibishaniwi. Nakuja. Nitashika kikapu chako mpaka Ashley amalize mtihani. Mimi si mtoto, hakuna sheria ya ng'ambo inayonikataza kuchuma chai, na mikono yangu haijasahau. Wewe utashuka na Mutunga, ulale chumbani kwangu, uende hospitali huku ambako hakuna anayekuandika kazi nyepesi. Bi Afaf amesema chumba ni chako. "Alete na majani ya chai," ndivyo alivyosema.

Kuhusu kibarua changu, usiulize. Pale getini ukikosa wiki moja, nafasi inachukuliwa na mwingine. Najua hivyo, na bado nakuja.

Kuhusu Seth sijui nitasema nini. Nitakuwa na kadi yenye jina lako na uso wangu. Nimemwomba Mungu, peke yangu safari hii, kwa mlango uliofungwa, na hajanijibu. Ila mikono imeshaanza kufunga mzigo.

Nisubiri.

Dada yako,
Nekesa


Mji wa Kale, Mombasa
2 Novemba 2025

Dada yangu Nekesa,

Bwana asifiwe. Habari za laini? Baridi haijakuvunja? Ashley anakula? Mimi mdogo wako naendelea, na naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala kama wafanyakazi wa zamu.

Tangu tulipopishana pale mizani, wewe ukishuka kwenye lori na mimi nikipanda, sikukwambia asante. Nilikuwa bado na hasira. Sasa nasema asante.

Mji wako huu wanitisha. Vichochoro ni vyembamba mpaka nikikutana na mkokoteni nabandika mgongo ukutani kama karatasi. Bi Afaf haniachi nikae njaa. Jana alinilisha mahamri na mbaazi mpaka nikamwomba msamaha. Akasema, "Kula, mwanangu. Bega halijengwi kwa uji." Amemleta mwanamke aitwaye Mejumaa, anayekanda viungo. Alinikanda nikapiga ukelele, Bi Afaf akasema kule baraza wanaume waliacha kahawa zao wakadhani nazaa.

Lakini hospitali, dada. Daktari alipiga picha akanionyesha. Kuna kitu kimekatika ndani, tangu zamani, na kuanguka kumekimaliza. Mkono utarudi wa kupika, wa kufua kidogo, wa kujichana. Kuchuma, kasema nisahau.

Nimelifikiria hilo siku nyingi, na sasa nakuomba jambo. Najua ulisema mpaka mtihani uishe. Naomba ukae zaidi. Kaa kwenye kadi mpaka mwakani, Ashley apate matokeo na tujue anakwenda chuo gani. Tukitoka kwenye ile nyumba hatuna pengine, dada. Ni chumba kimoja cha mbao kinachovuja, lakini Ashley alizaliwa mle, na Nicodemus alifia mle. Wewe una mikono. Seth umeniambia kwenye simu hasemi kitu, anaita jina na kutazama karatasi yake. Kama amenyamaza mpaka sasa, atanyamaza mpaka mwakani.

Nilikwenda Shimanzi na Mutunga kuona kama watanipa nafasi yako, hata ya kufagia. Mlinzi akaniuliza, "Mama, na mkono huo utashika nini?" Nikamwambia utashika fagio na masikio yako. Wote pale getini wakacheka, ila kazi sikupata. Ndani nikaona magunia yenye jina la shamba letu yamepangwa mpaka juu ya paa. Nikawaza, humo mna mikono yangu, na ya Ashley, na labda ya mama.

Usiniangushe kwa hili.

Mdogo wako,
Ketty


Laini ya Chini, Nandi
22 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Ketty,

Bwana asifiwe. U hali gani? Mkono unapanda mpaka wapi sasa? Bi Afaf hajambo? Msalimu, mwambie majani yake ya chai nayafunga leo, na Mutunga atamkabidhi.

La kwanza ulipokee kabla ya mengine. Ashley amemaliza. Karatasi ya mwisho ilikuwa jana. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani kuvua viatu, akalala na kimoja mguuni. Leo asubuhi akaniambia, "Mama mkubwa, nipe kikapu nikusaidie," nikamfukuza kwa mwiko mpaka bombani, majirani wakanishangilia. Kemia anasema haikuwa mbaya. Unajua "haikuwa mbaya" ya Ashley ni nini, uso wake ulikuwa unang'aa.

Sasa haya mengine. Kaa chini.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye kuitwa majina, Seth alisema, "Ketty Nafula." Nilikuwa nimekesha nawaza nitajibu nini. Nikisema "nipo" nimesema uongo kwa Mungu kabla jua halijatoka. Basi nikainua kikapu juu bila kusema neno. Yeye hakuinua macho kwenye karatasi. Akatia alama, akaita mwingine. Ndivyo tulivyokwenda wiki zote. Mimi nainua kikapu, yeye anatazama karatasi. Hakuna aliyesema uongo. Nilianza kudhani ndilo jibu la maombi yangu.

Juma lililopita meneja mpya alikuja kwenye mizani na wageni, watu wa kukagua. Ni kijana mpole, hana neno baya. Akatia mkono kwenye kikapu changu, akawaonyesha wageni: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hakuna jani zee hata moja. Akafurahi. Akasema, "Hivi ndivyo ninavyotaka. Huyu mama anaitwa nani?"

Alikuwa ananisifu, Ketty.

Seth alikuwa kando yangu. Akasema, "Ni Ketty Nafula, bwana meneja. Yuko nasi miaka mingi." Meneja akanishika mkono, akanipongeza, wakaenda zao. Nilimtazama Seth. Jasho lilikuwa linamtiririka na mvua inanyesha.

Jumapili hakusimama kuongoza ibada. Aliketi benchi la nyuma kabisa, na watoto wa shule ya Jumapili. Watu wakageuka kumtazama, mkewe akainamisha kichwa. Mkate na kikombe vilipopita, akavipitisha bila kula wala kunywa.

Alasiri akaja hapa. Nilimtuma Ashley kwa jirani na vitabu vyake. Seth hakukaa mpaka nilipomwambia mara ya pili. Akasema, "Niliposoma lile ombi lako kwenye simu ya mke wangu, nilijua ni mimi ninayeulizwa. Na nikamrudisha mgonjwa kwenye mistari, nikajiambia hiyo ndiyo sheria. Wewe ulipokuja nikasema, haya, nitatazama karatasi. Nikaona nimepata ujanja. Sasa nimesema kwa mdomo wangu."

Nikamwambia, "Ulisema kwa ajili ya mtoto."

"Nilisema kwa sababu niliogopa, dada. Mtoto nilimkumbuka baadaye." Akauliza, "Zimebaki karatasi ngapi?"

Nikamwambia tatu.

"Basi nitangoja amalize. Jumatatu inayofuata nitaingia ofisini nimwambie meneja. Kadi, wewe, mtoto, nami nilivyojua."

"Watakutoa na wewe."

"Huenda."

"Una watoto wanne kwenye nyumba ya shamba."

"Nawajua majina," akasema, na akacheka kidogo, kicheko kibaya. Kisha akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike huku, Ketty, alinitazama usoni. Akasema, "Lakini nyumba ni ya Ketty, si yangu. Wewe ukiniambia nisiende, siendi. Nitaacha uzee wa kanisa, nitanyamaza, na wewe utaendelea kuinua kikapu. Sema."

Barua yako ilikuwa chini ya godoro nililokalia. Niliyajua maneno yako yote. Usiniangushe kwa hili, ulisema. Nikafikiria chumba hiki, na Nicodemus, na wewe huko na mkono wako. Nikafikiria vilevile asubuhi za mwaka mzima, mimi nikiinua kikapu na yule mtu akiketi nyuma na watoto, kila Jumapili, akipitisha kikombe.

Nikamwambia, "Nenda."

Sikumwambia ngoja nimuulize mdogo wangu. Alipotoka nilitaka kumkimbilia, nikasimama mlangoni nimeishika fremu.

Leo ni Jumamosi. Jumatatu asubuhi anaingia ofisini. Mutunga anaondoka sasa hivi na barua hii, na ikikufikia huko mambo yatakuwa yamekwisha semwa. Hilo nimelipanga, Ketty, sikufichi. Ningekupigia simu ungeniambia nimzuie, na ukiniambia nitamzuia, maana siwezi kukunyima kitu nikisikia sauti yako. Kwa hiyo simu nimeizima. Usimlaumu Ashley, hajui lolote, anadhani betri imekufa.

Najua nimeitoa nyumba yako bila ruhusa yako. Sitajitetea kwa Mungu, yeye hakuniambia nifanye hivi. Niliamua mwenyewe. Nimeanza kufunga vyombo. Kitanda cha Nicodemus sitakiuza mpaka uniambie. Ashley atakuja nami Mombasa, tutabanana kwenye kile chumba sisi watatu, na mimi nitasimama getini Shimanzi kila alfajiri mpaka wanichukue tena. Zaidi ya hapo sioni kitu.

Kama una hasira niandikie hasira. Kama hutaki kuniona chumbani humo, niandikie hivyo pia, nitamleta mtoto mpaka mlangoni kwa Bi Afaf nirudi. Lakini andika. Mutunga anarudi huku Alhamisi, nami nitamngoja pale mizani.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Nekesa